Boti ya Mtu, Safari Ndefu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kung'oa Nanga

Kukodi boti kwenye kampuni yenye vyombo ishirini ni jambo moja, kukodi boti ya mtu binafsi ni jambo lingine kabisa. Vyombo vya kampuni hufanana, vina mafundi wa zamu, na kimoja kikiharibika huenda ukaletewa kingine. Mtu binafsi ana boti yake moja tu. Amekaa nayo miaka, ameitengeneza kwa mikono yake, na mengi anayoyajua juu yake hayajaandikwa popote. Yamo kichwani mwake. Kazi yako kubwa kabla ya safari ni kuyatoa huko yakufikie wewe, maana siku utakapoyahitaji utakuwa mbali na nchi kavu na yeye atakuwa amelala kwake.

Hili nililijua siku nilipokabidhiwa boti ya matanga ya futi 38. Mwenyewe alikuwa mtu mwema, mkarimu wa maelezo, na alinionyesha kila kabati. Alipowasha injini, mkono wa kulia uligeuza ufunguo, na wa kushoto ukapita nyuma ya ubao wa swichi ukabana waya mmoja kwa kidole gumba. Hakusema neno. Nilipomuuliza, akautazama mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine. Alikuwa ameuzoea ule waya uliolegea kiasi cha kutouona tena. Wala hakuwa na nia ya kunificha. Tangu siku hiyo, nikikabidhiwa chombo, naitazama mikono ya mwenyewe kwa makini kuliko ninavyosikiliza maneno yake.

Lakini kabla hata ya kupanda botini, kaa na karatasi. Swali la kwanza ni kama boti hiyo inaruhusiwa kukodishwa. Katika nchi nyingi, chombo kilichosajiliwa kwa matumizi binafsi hakiruhusiwi kuchukua fedha za watu bila kibali cha biashara, na chombo chenye bendera ya nchi nyingine hubanwa zaidi. Mwenye boti akikuambia, "Ukiulizwa, sema sisi ni marafiki tu," mshukuru kwa muda wake na uondoke. Anakutaka useme uongo mbele ya maofisa wa bandari, na uongo huo huo ndio utakaovunja bima siku ya ajali.

Na bima ndiyo inayowaponza wengi. Bima ya kawaida ya boti binafsi humlinda mwenye boti anapotembea na familia yake au rafiki zake. Mara nyingi, fedha za kukodi zikishapita mkononi, bima ya namna hiyo haifanyi kazi tena. Usikubali kuambiwa "bima ipo." Taka barua kutoka kwa kampuni ya bima yenyewe, itaje jina lako kama nahodha, iseme wazi kwamba ukodishaji umekubaliwa, na ionyeshe mipaka ya maji unayoruhusiwa kufika. Mipaka hiyo huwa ya mahali na ya majira pia. Kwa mfano, msimu wa vimbunga vya Atlantiki ya Kaskazini huhesabiwa tangu Juni 1 hadi Novemba 30, na bima nyingi huzuia vyombo kuwa katika maeneo fulani siku hizo. Ukivuka mstari huo hata kwa bahati mbaya, unaweza kujikuta unasafiri bila bima yoyote.

Mkataba wenyewe uwe mfupi na wa wazi, lakini usikose mambo haya. Kwanza, nani analipia nini kikivunjika. Desturi ya haki ni kwamba kilichochakaa kwa umri ni cha mwenye boti, ulichokivunja kwa uzembe ni chako. Andikeni pia kiasi cha fedha unachoweza kutumia kwa matengenezo ya haraka bila kumuuliza, maana hutampata kila saa. Amana iandikiwe tarehe ya kurudishwa. Na muhimu kuliko vyote kwa maoni yangu: iweko haki ya kuiacha boti katika bandari salama iliyo karibu hali ya hewa ikichafuka, bila kutozwa faini ya kuchelewa. Tarehe ya kurudisha chombo ikikazwa sana huua watu. Ndiyo inayomtoa mtu bandarini asubuhi ambayo kila baharia mwingine amefunga kamba na kukaa kunywa chai. Ukipanga siku kumi na nne, ziwe kumi za mwendo na nne za kusubiri upepo.

Kama utavuka mipaka ya nchi, beba hati halisi ya usajili, cheti cha bima, leseni ya redio, orodha ya mabaharia, na barua ya mwenye boti inayokuruhusu kuiendesha, yenye sahihi na tarehe. Bila barua hiyo, ofisa ana haki ya kujiuliza kama umeiba. Beba na vyeti vyako vya unahodha. Baadhi ya nchi za Ulaya hutaka cheti cha kimataifa kiitwacho ICC. Na iwepo bendera ya manjano, ile ya herufi Q, ya kutweka unapoingia nchi mpya kabla ya kupewa ruhusa ya kushuka.

Sasa boti yenyewe. Mabaharia wana msemo wao: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni uvungu wa chini kabisa ndani yake, ambako maji hujikusanya. Mimi naanza huko huko ngamani. Fungua mbao za sakafu, washa tochi, tazama. Maji yaliyomo yanatoka wapi? Chovya kidole uonje. Yakiwa ya chumvi, bahari inaingia mahali. Yakiwa hayana chumvi, tangi linavuja au mvua imepenya. Ukiona rangi za upinde zikielea juu, hiyo ni dizeli au oili. Tafuta kila valvu inayofungia tundu la ubavuni, uifunge na kuifungua kwa mkono wako mwenyewe. Isiyogeuka usikubali kuondoka nayo. Pembeni ya kila moja iwepo kabari ya mti laini, imefungwa kwa kamba, tayari kuzibia tundu endapo valvu itakatika. Kisha tazama mahali mkuku, ule uti mzito wa chini, unapokutana na tumbo la boti, hasa upande wa nyuma. Ufa mpya au rangi iliyopakwa juzi mahali hapo hunifanya niulize mara mbili kama boti imewahi kupanda mwamba.

Kwenye injini, tazama kikombe cha kioo chini ya filta ya dizeli. Dizeli safi inapitisha mwanga. Tabaka la maji chini yake, au utando mweusi, maana yake ni kwamba tangi lina uchafu uliotulia. Bandarini hausumbui. Bahari ikichafuka, tangi linatikiswa, uchafu unapanda, filta inaziba, na injini inazimika pale pale unapoihitaji, mara nyingi kwenye mlango wa bandari wenye mawimbi. Ndiyo maana nabeba filta za akiba zaidi ya moja, na najifunza kuzibadilisha na kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta kabla sijaondoka, mwenye boti akiwa amekaa pembeni ananitazama. Vivyo hivyo kwa impela, ile gurudumu ndogo ya mpira inayovuta maji ya kupooza injini. Omba uitoe na kuirudisha mwenyewe mara moja. Ukishaifanya bandarini, utaiweza gizani.

Geji ya mafuta usiiamini. Niliwahi kusafiri na boti ambayo geji yake ilisoma nusu siku zote, tangi likijaa au likikauka, na mwenyewe alijua lakini hakukumbuka kuniambia, kwa kuwa yeye alihesabu kwa saa za injini. Nawe hesabu hivyo hivyo. Ukiambiwa injini inakula lita 3 kwa saa na tangi ni la lita 150, usiseme una saa 50. Gawa kwa tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba isiyoguswa. Lita 100 zinakupa kama saa 33, na kwa mwendo wa noti 5 hizo ni maili 165 za baharini. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili hiyo ni mita 1,852. Hesabu safari yote kwa mwendo wa polepole: noti 5 ni maili 120 kwa siku na usiku, na ukilazimika kubisha, yaani kwenda kwa kukata kona huku na huku dhidi ya upepo, njia inarefuka zaidi. Mwenye boti atakuambia inakwenda noti 7. Inakwenda kweli, siku ya upepo mzuri.

Nanga pia inataka hesabu, na hapa ndipo wageni wa chombo hukosea. Wengi hupima kina cha maji pale walipo na kusahau mengine. Tuseme maji ni mita 6 sasa, yatajaa mita 3 zaidi usiku, na omo iko mita 1 juu ya maji. Hiyo ni mita 10. Mnyororo wa mara tano ni mita 50, na upepo ukiwa mkali ongeza. Je, boti ina mnyororo mrefu kiasi hicho? Usiulize. Utoe wote, uutandaze gatini, uupime. Ukifika mwisho wake utaona kama umefungwa vizuri ndani ya boti, au umeshikwa na kamba iliyooza.

Vifaa vya kuokolea maisha visomwe tarehe, kimoja kimoja: chelezo cha kujaza hewa, fataki za kuomba msaada, mitungi ya kuzimia moto, mitungi midogo ya gesi ndani ya jaketi za kuokolea. Kila msafiri avae jaketi lake bandarini na kulikaza mpaka limkae. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ijaribiwe, na kila mtu, hata asiyejua chochote cha bahari, aweze kuita msaada kwenye chaneli 16. Andika maneno ya kusema na jina la boti kwenye karatasi, ubandike pembeni ya redio.

Kuna jambo moja la boti ya kukodi kwa mtu ambalo wengi hawalifikirii. Kifaa cha EPIRB, kinachotuma ishara ya dharura kwa satelaiti kupitia masafa ya 406 MHz, kimesajiliwa kwa jina la mwenye boti. Ukikiwasha, waokoaji hutafuta jina hilo na kupiga simu zilizoandikwa hapo. Atapokea mwenyewe, au mkewe, au mtu ambaye hajui kabisa kwamba boti iko baharini, na anaweza kusema kwamba ni kosa, boti iko gatini. Kabla ya kuondoka, usajili uongezewe taarifa za safari yako na namba ya mtu wako, na mwenye boti awaambie watu wake nani yuko ndani, ni wangapi, na mnaelekea wapi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, hushuka ngamani na kusubiri cheche. Funga kwenye mtungi wenyewe kila mkimaliza kupika. Maji ya kunywa na kupikia yasipungue lita 4 kwa mtu kwa siku, na yasiwekwe yote katika tangi moja, kwani tangi likichafuka mmekwisha. Sehemu yabebwe kwenye madumu.

Kuhusu watu, nitasema machache. Wawili angalau wawe na uwezo wa kuirudisha boti bandarini peke yao, kwa sababu nahodha naye anaumwa. Fanyeni zoezi la kumrudia mtu aliyeanguka majini, boya likiwa badala ya mtu, mara kadhaa, na mara hizo mojawapo wewe usishike usukani. Dawa za kichefuchefu cha bahari zinywewe kabla ya kuondoka. Mtu akishaanza kutapika hazikai tumboni.

Baada ya yote hayo, omba kulala kwenye boti usiku mmoja, mkiwa nangani, mwenyewe akiwa nchi kavu lakini anapatikana kwa simu. Hapo ndipo boti huanza kusema. Sikiliza pampu ya ngamani, uhesabu inajiwasha mara ngapi hadi alfajiri. Tazama betri kabla ya kulala na baada ya kuamka: jokofu na taa ya nangani vimekula kiasi gani? Utaona dirisha linalodondosha umande kitandani, na mlango wa choo usiofungika boti ikilala upande. Yaandike yote. Asubuhi mpigie mwenye boti, umsomee orodha hiyo, na kwa kila moja utamsikia akisema, "Ah, hiyo, hiyo unafanya hivi." Andika na hayo majibu. Daftari hilo ndilo utakalolifungua huko mbali.

Mwisho kabisa, mwachie mtu mmoja wa nchi kavu mpango wa safari: njia, vituo, bandari za kukimbilia, rangi ya boti, majina ya waliomo. Mpangie saa utakayompigia kila siku, na saa ambayo, usipopiga, yeye asingoje tena bali awapigie waokoaji. Namba yao aiandike mbele yako.