Namna ya kuzitazama nyumba za ghorofa za Shibam, Hadhramaut

Katika Bonde la Hadhramaut, mashariki mwa Yemeni, mji wa Shibam umesimama juu ya mwinuko mdogo uliozungukwa na ukuta, na ndani ya ukuta huo zimebanana nyumba zinazofikia ghorofa 7, zote za matofali mabichi ya udongo. Nyingi ni za karne ya 16, baada ya mafuriko ya miaka ya 1532 na 1533 kuharibu sehemu ya mji. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mwaka 2015, kutokana na vita, ikauorodhesha miongoni mwa urithi ulio hatarini. Kwa hiyo anayetaka kwenda aanze kwa kuulizia hali ya usalama kwa watu wenye jamaa huko, na familia za Kihadhrami za Mombasa, Lamu na Unguja zinaweza kumsaidia. Asiyeweza kusafiri anaweza kuufuata mwongozo huu akiwa na picha nzuri mbele yake.

Anza kwa mbali. Vuka bonde hadi kitongoji cha Sihayl, upande wa kusini, ukwee kilima alasiri jua linapoteremka, kisha uzitazame kuta kabla ya kuhesabu ghorofa. Utaona kwamba zinalalia ndani kidogo kidogo kadiri zinavyopanda, kwa kuwa fundi huujenga ukuta mnene chini na kuupunguza unene kila ghorofa, ili uzito usiielemee misingi. Utaona pia kwamba sehemu za juu zimepakwa chokaa nyeupe. Watu wengi hudhani ni pambo tu, lakini kazi yake kubwa ni kinga: mvua za Hadhramaut ni chache, ila zikinyesha zaweza kuja kwa kishindo, na tofali bichi likilowa hurudi kuwa tope.

Ukishaingia mjini, simama mbele ya mlango mmoja na usiharakishe. Mbao zake aghalabu ni za mkunazi, mti mgumu unaoota bondeni humo, na kwenye milango ya zamani utakuta komeo la mbao linalofunguliwa kwa ufunguo wa mbao wenye meno mfano wa kitana: meno hayo husukuma juu vijiti vidogo vilivyozuia komeo, nalo likateleza. Piga hodi, na usipige picha ya watu, hasa wanawake, kabla ya kuruhusiwa, kwa kuwa humo mna familia zinazoishi.

Ukikaribishwa, isome nyumba kutoka chini kwenda juu. Ghorofa ya chini haina madirisha, nayo ilikuwa ghala la nafaka. Juu yake kuna sehemu za kazi za nyumbani, kisha chumba kikuu cha wanaume cha kupokelea wageni, chenye nguzo za mbao zinazobeba dari na lipu iliyonakshiwa. Hapa ndipo ninaposhauri ukae muda mrefu kuliko kwingine. Wanawake wana ghorofa zao juu zaidi, na vyumba vya kileleni ni vya familia nzima. Ulizia milango na madaraja yanayounganisha nyumba kule juu: yaliwasaidia wenyeji kujihami wakati wa hatari, na mpaka leo humwezesha mzee kumtembelea jirani yake bila kushuka na kupanda ngazi zote zile.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni kujifunza kutambua nyumba inayotunzwa. Tazama chini ya milizamu, yaani pale maji ya paa yanapomwagwa mbali na ukuta: mlizamu ukivunjika, maji huchimba mfereji katika lipu, kisha katika matofali, na nyumba iliyodumu karne kadhaa inaweza kuanguka baada ya misimu michache. Lipu mpya, iliyokandwa kwa udongo na makapi, huonekana laini na yenye rangi moja. Ile ya zamani imepasuka na kuacha matofali wazi. Kazi ya mafundi ya kuurudishia mji huu uhai ilitambuliwa mwaka 2007, pale mradi wa ukarabati wa Shibam ulipopata Tuzo ya Usanifu Majengo ya Aga Khan, lakini mwaka uliofuata mafuriko makubwa ya Oktoba yalionyesha jinsi udongo unavyohitaji uangalizi usiokatika.

Ukibakiwa na muda, elekea mashariki. Seiyun ina kasri jeupe la masultani wa Kathiri, nalo pia ni la udongo. Tarim ina mnara wa Msikiti wa al-Muhdhar, wenye urefu wa karibu mita 50, pamoja na makasri ya ukoo wa al-Kaf, uliotajirika kwa biashara Singapore na Java. Humo utaona nakshi za Asia ya Kusini-Mashariki zikiwa zimefinyangwa kwa udongo na chokaa ya Hadhramaut.