Raundi tatu za kusahihisha Kiingereza chako kabla ya kutuma

Mswahili anapoandika Kiingereza, makosa yake mengi yana mzizi unaojulikana: Kiswahili kinamwongoza. Hiyo ni nafuu kubwa, kwani kosa lenye chanzo hutafutika. Ukimaliza barua pepe usiisome mara moja ukiwinda kila kitu. Isome mara tatu, kila raundi na shabaha yake.

Anza na vitenzi, ndiko kwenye kazi kubwa. Chunguza kila "have" na "has", maana hapo ndipo "-me-" yetu hujificha. Katika mazungumzo baadhi yetu husema "nimemwona jana", kisha tunaandika "I have seen him yesterday". Kiingereza hakikubali. Ukishataja wakati uliokwisha, kama "yesterday", "last week" au "in 2019", tumia wakati uliopita: "I saw him yesterday". Usipoutaja, "I have seen him" ni sahihi kabisa.

"-me-" hiyohiyo hueleza pia hali iliyopo sasa: amevaa, amekaa, amelala. Hapa Kiingereza hutumia "is": "she is wearing", "she is sitting", "she is asleep". Mambo hugeuka tena kwa jambo lililoanza zamani na bado linaendelea. Nafanya kazi hapa tangu 2019 si "I am working here since 2019", ni "I have worked here since 2019". "Since" hutaja mwanzo. "For" hutaja muda, kama "for six years".

Ukiwa bado kwenye vitenzi, tazama kinachofuata "did": kitenzi hakibadiliki, "I did not receive", kamwe si "did not received". Halafu tafuta "s" ya nafsi ya tatu umoja: "the office closes at five". Sentensi ikiwa ndefu, uliza nani hasa mtendaji. Katika "The list of applicants is ready", kitenzi kinafuata orodha, hakifuati waombaji.

Raundi ya pili ni ya nomino. Kiswahili hakina "a" wala "the", kwa hiyo tunavisahau. Kanuni inayosaidia zaidi ni hii: nomino ya kuhesabika ikiwa katika umoja, kwa kawaida haisimami peke yake. Itangulize "a", "the", "my", "this" au neno la namna hiyo. "I am looking for job" ina pengo. Weka "a job". Tumia "a" msomaji anapokutana na kitu mara ya kwanza, "the" akishajua ni kipi. "An" hufuata sauti, si herufi: "an hour", lakini "a university". Kisha futa "s" kwenye "informations", "advices", "equipments" na "furnitures". Kwetu vifaa vina wingi, ila "equipment" haina. Ukitaka kimoja, andika "a piece of equipment".

Raundi ya tatu ni ya maneno madogo. Tunajadili kuhusu bajeti, lakini kwa Kiingereza ni "discuss the budget", bila "about". Ameolewa na fulani ni "married to", si "married with". Ingawa na lakini hukaa pamoja kwetu. Kiingereza kinataka kimoja, ama "although" ama "but". Kuazima kuna pande mbili: anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Neno "yeye" ni la jinsia zote, hivyo hakikisha "he" na "she" hazijabadilishana katikati ya aya. Na mwishoni mwa barua andika "I look forward to hearing from you", si "to hear".

Programu ya tahajia haitoshi: "form" ikikaa mahali pa "from" inaweza kupita bila mstari mwekundu, kwa kuwa yote mawili ni maneno halali. Weka kwenye simu orodha ya makosa yanayokurudia wewe, kisha kwenye kompyuta tumia Ctrl+F (vitufe vya kutafuta neno) kuyatafuta moja moja kabla ya kutuma.