Kupima mimea ya misitu mikavu ya misonobari milimani: anza na mwamba

Wengi wakifika White Mountains, California, hukimbilia miti mizee. Ni kweli, Methuselah, msonobari wa spishi ya Pinus longaeva, una zaidi ya miaka 4,800. Lakini ukitaka kujua kwa nini miti hii imeota hapa na si pale, tazama chini kwanza.

1. Pata kibali. Eneo liko ndani ya Inyo National Forest, na hata kuokota kipande cha mti mkavu hairuhusiwi. Magogo hayo ndiyo yaliyowawezesha watafiti kurefusha mfululizo wa pete za miti (duara za ukuaji wa kila mwaka ndani ya shina) hadi zaidi ya miaka 8,000. Nenda Julai au Agosti, mimea midogo ikiwa imechanua.

2. Tafuta mpaka wa miamba. Dolomaiti, mwamba unaofanana na chokaa, ni nyeupe au kijivu. Mwamba wa mchanga jirani yake ni mweusi zaidi. Una shaka? Kwaruza jiwe upate unga, dondoshea asidi hafifu ya hidrokloriki, uangalie kama unatoa povu. Usipokwaruza, dolomaiti huweza kukaa kimya ikakudanganya.

Hatua hii usiiharakishe. Udongo wa dolomaiti hauna fosforasi ya kutosha, ila weupe wake huakisi jua, hivyo hubaki baridi na kutunza unyevu vizuri zaidi. Kichaka cha Artemisia tridentata hutawala mwamba wa mchanga lakini kwenye dolomaiti hudhoofika. Msonobari nao hukua polepole mno, ila washindani wake ni wachache.

3. Nyosha tepu ya mita 50 ikatize mpaka huo. Kila mita 5 weka fremu ya mita 1 kwa 1, uandike asilimia ya kila mmea, mawe na ardhi tupu. Ardhi tupu itajirudia sana. Iandike tu, kwani ndiyo inayozuia moto kusambaa. Rudia mistari kwenye miteremko ya kaskazini na ya kusini, la sivyo utalisingizia jiwe kazi ya jua.

4. Tenganisha aina mbili za misonobari. Pinus longaeva na Pinus flexilis zote zina majani matano kwa kishada. Wa kwanza huweka majani yake miaka 30 au zaidi, kwa hiyo tawi hufunikwa sehemu ndefu kama mkia wa mbweha. Wa pili hubaki na majani karibu na ncha. Mti wenye ukanda mwembamba tu wa gome hai usiuandike umekufa.

5. Hesabu miche. Ndege Nucifraga columbiana hufukia mbegu za Pinus flexilis kwa mafungu, kwa hiyo mashina yaliyobanana yaweza kuwa miti tofauti. Yaandike kama kundi moja, kisha taja idadi ya mashina pembeni.