Kabla Hujaipeleka Land Rover ya Jeshi kwenye Maonyesho ya Magari ya Zamani Dodoma

Tukialikwa kwenye siku ya magari ya zamani, wengi wetu tunakimbilia kufungua boneti. Mimi naanza na rangi na nguo. Gari likisharudishiwa kijani chake, kila anayeliona anajua ni la jeshi, na trafiki wa Ihumwa, unapoingia Dodoma, hawezi kuotea kwamba ulilinunua mnadani. Namba ziwe za kiraia na zisomeke mbele na nyuma. Nembo za kikosi zifute. Kadi ya gari, karatasi za mnada na bima zikae kwenye mfuko mmoja, na kama rangi ya sasa si ile iliyoandikwa kwenye kadi, malizana na mamlaka ya mapato, TRA, mapema. Waandaaji nao waulize kama polisi wana taarifa.

Kombati iache kabatini, tena ni bora usiwe nayo kabisa. Agosti 2023 jeshi la Tanzania, JWTZ, liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Kusema "ni maonyesho tu" hakutakuokoa. Vaa ovaroli ya fundi, inapendeza na inahimili grisi.

Sasa umeme. Land Rover zilizotengenezwa kwa ajili ya kubeba redio za jeshi zinatumia volti 24, betri mbili zikiunganishwa kwa mfuatano. Mwaka juzi langu liligoma sheli, jirani akaleta saluni yake ya volti 12 tubusti. Niliziunga waya bila kufikiri, nikamuunguzia vitu ambavyo nilivilipa kwa miezi mitatu. Leo boksi la betri limeandikwa 24 kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kama za basi.

Kutoka Kongwa hadi Dodoma, kupitia Mbande na Chamwino, ni kama kilomita 90. Ondoka alfajiri, maana jua likipanda petroli huchemka kwenye paipu. Kitambaa kibichi juu ya pampu ya mafuta husaidia. Gari lililokaa muda mrefu hukausha mipira ya breki, na Land Rover nyingi za zamani zina mfumo mmoja tu wa breki, gurudumu moja likivuja umekosa breki zote. Siku moja kabla, kanyaga pedali uishikilie: ikizama taratibu, usiondoke. Beba vya akiba: fenibelti, platini na kondensa za mfumo wa kuwasha injini, maji lita 20. Basi.

Andaa na bango dogo: mwaka, injini, lilikotoka. Usilitungie vita. Historia ya kweli ipo karibu: kwenye mradi wa karanga wa Waingereza hapo Kongwa, ulioanza 1947, vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta.

Cha mwisho ni viti na maji ya kunywa, kwa sababu wazee waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 watakuja, na hawaji kupiga picha. Wanagusa mlango kwanza, kisha wanazunguka. Mwaka jana mmoja nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, macho yakiwa kwenye beleshi la gari.

"Mwanangu, hili nani kakuwekea huku?"

Nikamwambia ni mimi.

"Huku utalifikiaje na mlango umefungwa?"

Tulilihamisha pamoja, yeye akishika spana.