Kuweka wakala wa Bacula kwenye Linux na FreeBSD: kuanzia apt mpaka faili irudi

Kusakinisha wakala wa bekapu ni amri moja tu. Kinachowashinda watu ni yale yanayofuata: majina hayalingani, nywila inakataliwa, au programu inasikiliza mahali ambapo hakuna anayeweza kuifikia. Hapa tunatumia Bacula, programu huria ambayo Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000. Pakeji zake zimo kwenye maghala rasmi ya Debian, Ubuntu na FreeBSD, na hulipii leseni kwa kila kompyuta unayoongeza.

Kwanza elewa nani anampigia nani. Bacula ina sehemu tatu. Director ndiye anayeshika ratiba na orodha ya kazi. Storage ndiye mwenye diski za kuhifadhia. Wakala, ambaye jina lake kwenye pakeji ni bacula-fd, anakaa kwenye kila kompyuta yenye data. Mfikirie kama wakala wa M-Pesa pale mtaani: huduma iko mkononi mwake, lakini daftari kuu haliko kwake. Kazi ikianza, Director anampigia wakala kwenye poti 9102, halafu wakala mwenyewe anampigia Storage kwenye poti 9103. Uweke akilini mwelekeo huo wa pili, kwa sababu ndio unaosahaulika.

Tuchukue mfano wa biashara yenye seva Industrial Area, Nairobi, anwani 192.168.10.5, ambayo ina Director na Storage pamoja. Kompyuta ya hesabu, 192.168.10.21, ndiyo tunayoiwekea wakala. Director anaitwa makao-dir, wakala tutamwita duka-fd.

Kabla ya kusakinisha

Angalia saa ya kompyuta kwa amri ya timedatectl. Mashine nyingi za ofisini Nairobi zilinunuliwa zikiwa zimetumika, na betri ndogo ya ubao mama, CR2032, imeshakufa. Stima ikipotea, saa inarudi nyuma miaka. Ukiendesha apt hapo utaambiwa "Release file is not valid yet", na ukidhani ni mtandao utapoteza asubuhi nzima. Badilisha betri, kisha:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
sudo timedatectl set-ntp true

Pili, uliza Director ni toleo gani. Wakala anaweza kuwa wa zamani kuliko Director na kazi ikaenda vizuri; akiwa mpya kuliko Director, usitarajie mema. Director na Storage wao lazima wawe toleo moja. Debian 12, kwa mfano, inakuja na Bacula 9.6.7. Toleo lililo kwenye ghala lako utaliona hivi:

apt-cache policy bacula-fd

Kusakinisha

Kwenye Debian na Ubuntu:

sudo apt update
sudo apt install bacula-fd

Usiandike "apt install bacula" peke yake. Pakeji hiyo inavuta mfumo mzima, pamoja na Director na hifadhidata yake, na kompyuta ya hesabu itajikuta imebeba seva ambayo hakuna anayeihitaji. Ukiona apt inataka kuleta PostgreSQL au MariaDB, jibu n na uangalie ulichoandika.

Ubuntu ikisema "Unable to locate package", mara nyingi ghala la universe limezimwa. Liwashe kwa sudo add-apt-repository universe, kisha rudia apt update. Ikisema "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend", masasisho ya kiotomatiki yanaendelea nyuma ya pazia. Ngoja yamalize. Ushauri wa kufuta faili la kufuli hilo umezagaa kila mahali, na ndio unaoharibu orodha ya pakeji. Na stima ikikatika katikati ya usakinishaji, kompyuta ikiwaka endesha sudo dpkg --configure -a kisha sudo apt -f install.

Kwenye AlmaLinux, Rocky na ndugu zao, pakeji ina jina jingine, na, tofauti na Debian, huduma haijiwashi yenyewe:

sudo dnf install bacula-client
sudo systemctl enable --now bacula-fd

Kwenye FreeBSD, anza na pkg search bacula. Majina yana namba ya toleo katikati na -client mwishoni; chagua linalolingana na Director wako. Kisha sysrc bacula_fd_enable=YES, na service bacula-fd start. Faili za mipangilio ziko /usr/local/etc/bacula, si /etc/bacula.

Ukishapata toleo linalolingana na Director, lizuie lisiruke juu yenyewe: sudo apt-mark hold bacula-fd. Kizuizi hicho kinazuia pia marekebisho ya usalama, kwa hiyo kiandike mahali, na siku Director anapopandishwa toleo ukiondoe kwa apt-mark unhold.

Faili la mipangilio

Fungua /etc/bacula/bacula-fd.conf. Sehemu zinazohitaji mkono wako ni hizi (FileDaemon ni wakala mwenyewe):

Director {
  Name = makao-dir
  Password = "nywila-ndefu-hapa"
}

FileDaemon {
  Name = duka-fd
  FDport = 9102
  FDAddress = 192.168.10.21
}

Mistari mingine iliyomo ndani ya FileDaemon, kama WorkingDirectory, iache ilivyo. Debian inaweka FDAddress = 127.0.0.1, maana yake wakala anajisikiliza mwenyewe tu. Huduma itaonekana inafanya kazi, systemctl itaonyesha kijani, na Director hatafika kamwe. Weka anwani halisi ya mashine. Kama anwani inatolewa na ruta na hubadilika, ama ifunge kwenye ruta, ama ufute mstari huo na uachie fayawoli ilinde. Ukiandika anwani ambayo mashine haina, logi itajaa "Cannot bind port 9102".

Jina la Director lipo tena chini, ndani ya Messages. Libadilishe na huko. Kwenye AlmaLinux utakuta nywila imeandikwa @@FD_PASSWORD@@. Hiyo si nywila, ni nafasi ya kujaza. Tengeneza ya kweli kwa openssl rand -base64 33.

Kagua maandishi kabla ya kuwasha upya. Amri ya kwanza isiposema kitu, mabano na alama zako ziko sawa:

sudo bacula-fd -t -c /etc/bacula/bacula-fd.conf
sudo systemctl restart bacula-fd
sudo ss -ltnp | grep 9102

Mstari wa mwisho uonyeshe 192.168.10.21:9102. Ukionyesha 127.0.0.1, hujabadilisha FDAddress au hujawasha upya.

Fayawoli ifunguliwe kwa seva moja tu. Kwenye Ubuntu:

sudo ufw allow from 192.168.10.5 to any port 9102 proto tcp

Kwa firewalld, sudo firewall-cmd --permanent --add-service=bacula-client, kisha sudo firewall-cmd --reload. Hiyo inafungua poti kwa mtandao wote wa eneo hilo, kwa hiyo ukitaka kubana zaidi tumia kanuni yenye anwani ya seva.

Ikiwa kompyuta iko tawi la River Road na seva iko Industrial Area, usifungue 9102 kwenye intaneti. Laini nyingi za ofisi ndogo na za simu hazipewi anwani ya umma, kwa hiyo hata ukifungua Director hatafika. Weka WireGuard, yaani njia ya faragha (VPN), kati ya matawi, na upande wa tawi andika PersistentKeepalive = 25 ili njia isijifunge. Bekapu kamili ya kwanza ifanye mashine ikiwa kwenye mtandao mmoja na seva: GB 40 kwenye laini inayopandisha Mbps 10 ni karibu muda wa saa tisa, na laini ikikatika katikati kazi hiyo imeanguka.

Upande wa Director

Kwenye bacula-dir.conf ongeza:

Client {
  Name = duka-fd
  Address = 192.168.10.21
  FDPort = 9102
  Catalog = MyCatalog
  Password = "nywila-ndefu-hapa"
}

Ongeza pia Job, yaani kazi ya bekapu, inayomtaja duka-fd. Jina la FileSet (orodha ya faili za kuchukua) na Schedule (ratiba) ni lile ulilonalo. Halafu angalia kipande cha Storage ndani ya faili hilohilo. Address yake ikiwa localhost, Director atampa wakala anwani hiyo, na wakala ataenda kujitafuta yeye mwenyewe kwenye 9103. Kazi itaanza, itakaa, kisha itakufa. Andika 192.168.10.5, na kwenye bacula-sd.conf hakikisha SDAddress nayo si 127.0.0.1.

Ingia bconsole, programu ya kumpa Director amri, andika reload, kisha status client=duka-fd. Ukipata toleo la wakala na saa aliyowashwa, mmeonana. Ukipata "Unable to authenticate with File daemon", linganisha nywila na jina la Director herufi kwa herufi. Nafasi tupu iliyonakiliwa pamoja na nywila inatosha kuharibu. Ukiona kimya kirefu bila jibu, hiyo ni fayawoli au anwani, nywila haina kosa.

Kabla ya kuendesha kazi, andika estimate job=jina-la-kazi listing. Utaona faili zitakazochukuliwa, moja moja. Bacula haivuki kutoka diski moja hadi nyingine bila kuambiwa: kama /home iko kwenye kizigeu chake na FileSet inataja / peke yake, ripoti itasema "Will not descend" na data ya watu itabaki nje. Taja /home kwenye FileSet kama mstari wake.

Hifadhidata inayofanya kazi usiinakili faili kwa faili. Utapata vipande visivyolingana. Weka ndani ya Job:

Client Run Before Job = "/usr/local/sbin/toa-hesabu.sh"

Skripti hiyo iendeshe mysqldump --single-transaction au pg_dump na kuandika kwenye folda iliyomo ndani ya FileSet. Iandike irudishe kosa dump (nakala hiyo ya hifadhidata) ikishindwa, ili kazi nzima ihesabiwe imeanguka na mtu aamke kuitazama.

Ratiba ya mfano inayokuja na Bacula huanza 23:05, saa tano na dakika tano usiku. Seva ikiwa ya kukodi na saa yake ni ya UTC, Nairobi itakuwa saa nane na dakika tano usiku.

Kurudisha

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu aweze kuzirejesha kwa wakati tatizo likitokea, na bekapu ambayo haijawahi kurudishwa haimwonyeshi mtu yeyote kwamba unaweza. Bekapu ya kwanza ikishaisha, fanya jaribio siku hiyohiyo. Kwenye Debian, kazi ya RestoreFiles inaelekezwa kwenye njia inayoanza na /nonexistant. Ibadilishe Where iwe /var/tmp/rudisha. Kisha kwenye bconsole, baada ya reload:

restore client=duka-fd current

Tia alama folda mbili tatu kwa mark, mojawapo /home/hesabu, andika done, kisha yes. Kazi ikiisha, kwenye kompyuta ya hesabu linganisha:

sudo diff -r /home/hesabu /var/tmp/rudisha/home/hesabu

Faili zilizobadilika tangu bekapu zitaonekana, na hizo tu. Fungua pia dump ya hifadhidata na usome mwisho wake: ya mysqldump iliyokamilika humalizika na mstari wa "Dump completed". Ukikosa mstari huo, rudi kwenye skripti. Ukimaliza jaribio, futa /var/tmp/rudisha, maana humo mna nakala kamili ya hesabu za watu.