Injini ya ndege ya kujiundia: ipigie hesabu kwa hewa ya Mwanza

Unaunda ndege yako na utairusha huku kwetu ziwani? Kabla hujalipia injini, kumbuka kwamba nguvu za farasi zilizoandikwa na mtengenezaji zimepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari, kwenye joto la nyuzi 15. Uwanja wa Mwanza uko karibu mita 1,150 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 30, hewa hapa ni nyepesi kama ya mita 2,000 hivi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hubaki na takriban asilimia 80 ya nguvu zake. Yaani Rotax 912 ULS ya farasi 100 inakupa kama 80. Ile ndogo ya farasi 80 inakupa kama 64 tu! Na propela na mabawa navyo vinapambana na hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo ndege inakula njia ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka.

Mimi ningechukua ya farasi 100 hata kama michoro inaridhika na 80, mradi uzito usivuke kiwango cha mbunifu. Rotax 914 yenye tabo haipotezi nguvu hivyo, ila bei yake ni ya juu.

Halafu kuna maji. Ukivuka kwenda Ukerewe huna pa kutua kwa dharura, kwa hiyo usikubali injini yenye mfumo mmoja tu wa cheche za kuwasha mafuta; ukifa huo, injini inazima. Injini nyingi za magari zilizogeuzwa zina plagi moja tu kwa kila silinda. Fungua uhakikishe mwenyewe.