Changanya emalsifaya mbili badala ya kutafuta moja

Losheni ya mafuta ya nazi ninayoitengeneza hapa Tanga ilikuwa ikijitenga ndani ya siku tatu, utando wa mafuta ukielea juu ya maji meupe, hadi nilipoanza kuchanganya emalsifaya mbili (vitu vinavyofanya mafuta na maji vishikamane) zisizo na chaji ya umeme. Kila emalsifaya ya aina hii ina namba ya HLB, kipimo alichokieleza mkemia Griffin mwaka 1949: namba ndogo hupenda mafuta, kubwa hupenda maji. Emalsifaya iitwayo Span 80 ina 4.3 na iitwayo Tween 80 ina 15, ilhali mafuta ya nazi, yakitawanywa ndani ya maji, huhitaji takriban 8. Basi katika kila gramu 10 za mchanganyiko wa emalsifaya weka gramu 6.5 za Span na 3.5 za Tween, kwa kuwa (6.5 × 4.3 + 3.5 × 15) ÷ 10 ni takriban 8. Molekuli za aina mbili hubanana vizuri zaidi kuzunguka tone la mafuta kuliko za aina moja, na hilo ndilo linalozuia matone kuungana.

Hesabu hii haikuambii kiasi cha emalsifaya cha kutumia, kwa hiyo jaribu chupa ndogo kadhaa kwanza. Vilevile Tween hupunguza mapenzi yake kwa maji kadiri joto linavyopanda, nami huiacha chupa moja ya majaribio chini ya paa la bati wakati wa joto la mchana kabla ya kuuza. Ukitumia sabuni, ambayo ina chaji, hesabu haifai. Kwa chakula, nunua tu zilizoidhinishwa kuliwa, zenye alama E433 (Tween 80) na E494 (Span 80).